Kuingia kidato cha tano wakati wa janga: ni nini hasa kinachomlemea kijana

Kijana aliyefaulu kidato cha nne kwa Daraja la Kwanza anaripoti shule ya bweni mwezi Julai. Septemba jaribio lake la kwanza la Fizikia linarudi na alama 31. Chakula hakipiti, usingizi hauji, na kila Jumapili akiazimwa simu ya matroni anamwambia mama yake kuwa anataka kurudi nyumbani. Mama anahofia kuna mkono wa mtu. Baba anasema mtoto anadeka. Mwalimu wa darasa anashuku kwamba alibebwa kwenye mtihani. Na ikiwa wakati huohuo kuna ugonjwa unaozagaa nchini, wote watatu wanapata jibu jepesi la kukubaliana: ni hili janga.

Jibu hilo lilitumika sana kuanzia 2020 hadi 2022, na lilituponza. Anayeingia kidato cha tano wakati wa janga anakabiliwa na mambo matatu kwa mpigo: ugumu wa ngazi yenyewe, ugeni wa bweni, na ugonjwa pamoja na hofu na misiba yake. Kila moja lina tiba yake. Ukiyachanganya, utampeleka mwenye malaria kwa mnasihi, mwenye msiba utamwongezea tuisheni, na aliyekosea kombi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu anayosomea, utamwambia avumilie.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Ugonjwa wa virusi vya Marburg ulitangazwa Kagera, Tanzania, Machi 2023, kisha ukarudi mkoani humo, wilayani Biharamulo, Januari 2025. Tena bajeti ya 2022/23 iliondoa ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali, ambayo kwa bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Kuna wazazi wengi sasa wanaomsindikiza mtoto kwenda ngazi ambayo wao wenyewe hawakuifikia, na hawana wa kuwaambia kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kutia wasiwasi.

Kalenda iliyobanwa

Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30, ambazo baadaye ziliongezwa. Mtihani wa kidato cha sita uliokuwa uanze Mei 4 ukasogezwa. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walirudi Juni 1, na mtihani ukafanyika kuanzia Juni 29 hadi Julai 16. Wanafunzi wengine wote walirudi hiyo Juni 29.

Ukizitazama tarehe hizo kwa jicho la shule ya bweni utaona tatizo. Katika mwaka wa kawaida kidato cha sita humaliza Mei, kidato cha tano huenda likizo Juni, na Julai wageni huwakuta wenyeji wamepumzika, wakijua kwamba sasa wao ndio wakubwa. Wenyeji hao ndio wanaomwonyesha mgeni bomba lisilokatika maji, mwalimu wa kumwendea na wa kumwogopa, na desa, yaani madokezo ya masomo, za kuaminika. Ndio wanaomwambia kuwa kufeli jaribio la kwanza si mwisho wa dunia, maana na wao walifeli. Mwaka 2020 wenyeji hao walirejea siku ileile wakubwa wao wanaingia kwenye chumba cha mtihani, wakiwa wamekaa nyumbani wiki 15, na mara wakaitwa kidato cha sita. Walikuwa na mada za kufukuzia. Nafasi ya kumlea mgeni ilikuwa finyu, na hakuna waraka wala ratiba iliyoweza kuiziba.

Majirani walipitia makali zaidi. Uganda, yenye kidato cha tano na sita kama sisi, ilifunga shule Machi 2020, ikafungua kwa vipande, ikafunga tena Juni 2021, na haikufungua kwa wote hadi Januari 10, 2022. Kenya iliachana na ngazi hii mwishoni mwa miaka ya 1980 ilipoingia mfumo wa 8-4-4, lakini ina fundisho lake: ilipojaribu kufidia muda kwa kubana mihula na kufupisha likizo, mwishoni mwa 2021 mabweni yalichomwa moto katika shule nyingi. Sababu za mioto hiyo zilikuwa nyingi, na sitaki kuzirahisisha. Hata hivyo, mtu yeyote aliyelea vijana anajua kuwa likizo ni sehemu ya masomo, na shule inayofidia muda kwa kuila likizo inakopa mahali ambapo deni litadaiwa.

Alama zinaposhuka

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kidato cha nne na kidato cha sita havitumii mizani moja. Kwa viwango vilivyotumika miaka hiyo, kidato cha nne A ilianzia alama 75, B 65, C 45, na D 30. Kidato cha sita A ilianzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, kisha S kwa 35 hadi 39, na chini ya hapo ni F. Alama 46 iliyokuwa C nzuri tu mwezi Novemba inageuka E.

Tena kidato cha nne daraja hupatikana kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Somo linalomsumbua linajificha nyuma ya mengine. Kidato cha sita daraja hutoka kwenye masomo matatu ya kombi peke yake. Stadi za Jumla, au GS kama wanavyoiita, pamoja na BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, haviingii kwenye hesabu ya daraja. Hakuna pa kujificha.

Tupige hesabu. Mwanafunzi mwenye B nne na C tatu kidato cha nne ana pointi 17, na hiyo ni Daraja la Kwanza. Nyumbani wanachinja kuku, na wana haki. Sasa tuseme C zake tatu zilikuwa za Fizikia, Kemia na Hisabati, kila moja kwa alama 46, naye akapangiwa PCM. Akipata alama hizohizo 46 kwa mizani ya kidato cha sita ana E tatu, sawa na pointi 15, na hiyo ni Daraja la Tatu. Hajawa mvivu wala hajarogwa. Akili yake haijapungua hata kidogo. Na hapo bado hatujagusa ukweli kwamba mada zenyewe ni ngumu zaidi na vitabu ni vinene zaidi.

Kwa hiyo mzazi anayeona 31 kwenye jaribio la Septemba na asijue mizani imebadilika ataogopa bure, na hofu yake itamfikia mtoto kwa simu ya dakika tano. Afadhali ajue mapema kuwa kushuka huko katika muhula wa kwanza ni kwa wengi. Ajue pia kwamba kima cha chini cha kuombea shahada vyuo vikuu vya Tanzania, kwa ujumla wake, ni masomo mawili ya kombi yenye jumla ya pointi 4, ukihesabu A kuwa 5 na E kuwa 1. Hiyo ni D mbili. Kozi kama udaktari zinadai zaidi ya hapo, lakini kijana aliyepata 31 mwezi wa tatu tangu aripoti hajafungiwa mlango wowote.

Janga linaingia wapi kwenye hesabu hizi? Kundi lililobeba shimo kubwa la masomo, kwa maoni yangu, halikuwa lile la Julai 2020. Hao walikuwa wameshamaliza kidato cha nne Novemba 2019 na walikuwa nyumbani kwa vyovyote. Shimo lilikuwa kwa walioingia Julai 2021, kwa kuwa wao walifungiwa shule wakiwa ndani ya kidato cha nne. Mada za mwaka ule ni pamoja na mawimbi na sumakuumeme kwenye Fizikia, kemia ogania (ya misombo ya kaboni) kwenye Kemia, vekta na trigonometria kwenye Hisabati. Vilikuwepo vipindi vya redio na televisheni, navyo viliwasaidia waliovipata. Lakini vekta haisomeki kwa redio, na jaribio la maabara halifanyiki sebuleni. Mada hizo zikaja kufundishwa mbiombio baada ya Juni 29, na mwaka uliofuata mwalimu wa PCM akaanza akiamini msingi upo.

Njia ya kutofautisha ugumu wa ngazi na shimo la janga ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Mwalimu achukue karatasi ya jaribio lile, asitazame alama, atazame mahali kijana alipokwama. Akikwama kwenye jambo jipya, hiyo ni kawaida ya kidato cha tano, na muda pamoja na mazoezi vitamponya. Akikwama kwa sababu hajui kugawa vekta katika vijenzi, au kusawazisha mlinganyo wa kemikali, basi ana deni la kidato cha tatu au cha nne, na kumwongezea maswali ya kidato cha tano ni kumwonea. Anahitaji wiki mbili tatu za kurudi kwenye kitabu cha zamani bila kuchekwa. Shule zilizotenga saa za jioni kwa kazi hiyo, wanafunzi wa kombi moja wakifundishana, zilifanya jambo la maana kuliko zilizoongeza majaribio.

Kuna pia aliyekosea kombi. Serikali hutoa dirisha la kubadili machaguo kwenye mfumo wa TAMISEMI baada ya matokeo ya kidato cha nne, na baada ya kuripoti, badiliko hupitia kwa mkuu wa shule kwa kutegemea nafasi. Kadiri wiki zinavyokwenda ndivyo inavyokuwa vigumu. Mzazi aliyemlazimisha mtoto asome PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) ilhali moyo wake uko HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) asilisingizie janga.

Ndugu zetu walioko Uingereza walikutana na fumbo tofauti, na nalitaja kwa sababu familia nyingi za Waswahili wa Leicester, Birmingham na London zina watoto waliopita hapo. Kule mitihani ya GCSE, inayolingana na ya kidato cha nne, mwaka 2020 haikusogezwa mbele, ilifutwa kabisa. Serikali ilitaka alama zipitishwe kwenye kanuni ya kompyuta, ikaiacha Agosti 17 baada ya malalamiko, na Agosti 20 wanafunzi wakapewa alama zilizotokana na makadirio ya walimu. Septemba wakaingia Sixth Form, yaani kidato cha tano na sita cha kule, bila kufanya mtihani, Januari 2021 shule zikafungwa tena hadi Machi 8, na walipokaa kufanya A-level, mtihani wa mwisho wa ngazi hiyo, mwaka 2022, kwa walio wengi huo ulikuwa mtihani wa taifa wa kwanza tangu waanze sekondari. Mzigo wao haukuwa mizani iliyobadilika tu. Wengi waliingia wakijiuliza kama walistahili kuwepo pale. Mzazi aliyesoma Tanga au Mombasa, aliyezoea mtihani wa taifa kama kipimo cha mwisho, alikuwa rahisi kutamka neno moja la utani kuhusu “alama za bure” na kumvunja mtoto moyo kwa mwaka mzima.

Ugeni wa bweni

Kidato cha tano huchaguliwa kitaifa. Mtoto wa Masasi anaweza kupangwa Bukoba, wa Kigoma akapangwa Songea. Anapanda basi na tranka, godoro, ndoo, jembe au fyekeo, na kwa miaka ile pia barakoa na kitakasa mikono, akafika kwenye baridi asiyoizoea na lafudhi asiyoijua. Wengi wao walisoma sekondari za kata, wakitembea kwenda shule na kurudi jioni. Bweni ni jambo jipya kwao kabisa: kengele ya alfajiri, foleni ya uji, kitanda cha deka na mtu usiyemjua juu yako.

Katika mwaka wa kawaida ugeni huu huisha wenyewe, kwa kuchangamana. Janga liliharibu hasa njia za kuchangamana. Baadhi ya shule zilisimamisha siku za wazazi kutembelea, zikapunguza michezo na mikusanyiko, zikawataka wanafunzi wasishikane mikono. Yote hayo yalikuwa na sababu. Lakini mtoto wa miaka 17 aliyetolewa kwao na kuambiwa asisogeleane na mtu anabaki bila watu kabisa. Kama kuna hatua ya kinga inayopunguza watu karibu yake, lazima kuwe na hatua nyingine inayomwachia wachache wa kudumu. Kundi dogo la wanafunzi sita au wanane wa kombi moja, wanaolala karibu, wanaokula pamoja na kunawa kwenye kibuyu chirizi kimoja, linatimiza mambo mawili: ugonjwa ukiingia unajulikana ulipopita, na kila mgeni ana watu wanaojua jina lake. Hii haihitaji bajeti.

Simu za mkononi haziruhusiwi shuleni, na sishauri zirudishwe kwa mlango wa nyuma. Ila kanuni hiyo inafanya ile simu ya Jumapili kuwa uzi pekee. Nyuma ya kijana kuna foleni, mbele yake amekaa matroni anayesikia kila neno. Ukimuuliza “Unaendeleaje?” atajibu “Nzuri” na simu itaisha. Muulize anayelala kitanda cha juu anaitwa nani na ametoka mkoa gani. Muulize jana alikula na nani, na kipindi gani wiki hii alikielewa hata kidogo. Mtoto ambaye baada ya wiki sita hana jina hata moja la kutaja ana upweke, hata kama sauti yake imechangamka. Na mtoto anayelia kwenye simu lakini ana majina manne ya kutaja huenda anahitaji tu kulia. Mwache alie.

Lipo jambo jingine la mabweni ambalo hatulizungumzi vizuri, hasa ya wasichana: kuanguka. Mmoja anapiga kelele usiku, wa pili anafuata, kufikia asubuhi wako kumi. Wazazi wanasema mapepo, uongozi unasema ni njama ya kutaka likizo. Kagera ina kisa kinachojulikana duniani kote. Januari 30, 1962, wiki saba baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka bila kujizuia. Kicheko, pamoja na kilio, kilienea hadi kuwapata wanafunzi 95 kati ya 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Waliporudishwa nyumbani, hali ile ikaibuka vijijini mwao. Madaktari walipima damu na kuchunguza chakula, hawakukuta kimelea wala sumu. Walichokiona ni msongo wa kundi zima la vijana, uliotafuta mlango ukaupata mwilini.

Kashasha inatuonyesha kwamba mwili wa kijana husema kile ambacho haruhusiwi kukisema. Haigizi. Wakati wa janga, hofu ikiwa imetanda na kuuliza maswali kukionekana utovu wa nidhamu, hali hiyo hujitokeza kwa urahisi zaidi: kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, pumzi zinakimbia, na kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni wa kupumua, bweni zima linaamini korona imeingia. Walioanguka watengwe kwa utulivu, mmojammoja, bila kundi la watazamaji. Wapimwe kweli na mhudumu wa afya, maana huenda mmoja wao anaumwa. Viboko havisaidii. Na ibada ya usiku kucha ya kukemea bwenini, ninavyoona, huwapa wengine mfano wa kuiga, hata inapoongozwa na watu wenye nia njema.

Ugonjwa wenyewe

Vijana wa umri huu kwa kawaida hawakuugua korona kwa ukali kama wazee. Walio hatarini zaidi walikuwa wachache na wanajulikana: mwenye pumu, mwenye selimundu, mwenye kisukari, mwenye kinga dhaifu. Fomu ya afya inayoambatana na maelekezo ya kujiunga ina nafasi ya kuyaandika haya, na wazazi wengi huiacha wazi wakiogopa mtoto atakataliwa. Naielewa hofu yao. Lakini ukimya huo ndio unaomweka mtoto wa selimundu kwenye kudeki bweni kwa maji ya baridi alfajiri. Kijana anayetumia ARV ana mzigo wa siri juu ya ugonjwa. Apate mtu mmoja shuleni, kwa ridhaa yake mwenyewe, atakayemtunzia dawa na kumwombea ruhusa ya kliniki bila kumtaja mbele za wenzake, na familia ipange mapema kama atachukua dawa za miezi kadhaa kwao au atahamishiwa kituo cha jirani na shule. Barabara zikifungwa au hospitali zikielemewa, mpango huo hauwezi kutengenezwa kwa siku moja.

Halafu kuna homa. Nchini kwetu homa ya kwanza kufikiriwa ni malaria, na kipimo chake cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika chache. Wakati wa janga kijana mwenye homa hunyamaza, akiogopa kutengwa au kuwa sababu ya shule kufungwa. Malaria iliyonyamaziwa siku nne inaweza kuua. Hivyo tangazo la kwanza la mkuu wa shule kwa wageni linapaswa kuwa hili: atakayesema anaumwa hataadhibiwa, hatatajwa mstarini, na hatalaumiwa kwa lolote litakalofuata. Lirudiwe kila wiki, kwa kuwa vijana hawaliamini mara ya kwanza.

Kilichokuwa kigumu kuliko yote ni ukimya. Takwimu za maambukizi zilikoma kutolewa mwanzoni mwa Mei 2020. Mwanzoni mwa 2021 misiba ilifuatana, na kwenye matangazo mengi ya vifo tulisikia “changamoto ya kupumua”. Februari 17, 2021 nchi iliwapoteza Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kuwa anaugua korona, na Katibu Mkuu Kiongozi John Kijazi, kwa siku moja. Vijana walikuwa mabwenini. Walisikia majina makubwa redioni, kisha la babu wa jirani, kisha la mwalimu aliyewafundisha zamani. Watu wazima waliowazunguka hawakuwa na uhakika wa kusema nini. Chanjo ilipoanza kutolewa Julai 28, 2021 ilikuwa kwa wenye miaka 18 na kuendelea, na kwa kidato cha tano na sita hiyo ilimaanisha chumba kimoja chenye wanaoruhusiwa na wasioruhusiwa, na uvumi mwingi katikati. Mwalimu wa Biolojia aliyekubali kutumia kipindi kimoja kujibu maswali yote, hata ya kipuuzi, alituliza mengi.

Na msiba wa nyumbani je? Mila yetu ya familia nyingi ni kuficha: “Tutamwambia akifunga shule, asije akavurugika.” Nakataa. Kwanza, haifichiki. Atakuja mwanafunzi wa jirani kutoka likizo na rambirambi, au mpishi mwenye ndugu mtaani kwenu. Pili, kijana akigundua kuwa baba yake alizikwa mwezi uliopita na kila Jumapili mama alikuwa akimwambia “Wote wazima”, hatamwamini tena mtu yeyote anayemwambia nyumbani kuzuri. Huyo hatasoma kwa utulivu tena, hata mumpe shule nzuri kiasi gani. Aambiwe siku hiyohiyo, ana kwa ana, na mtu anayemjua, mahali penye kiti na maji ya kunywa, kwa maneno yasiyozunguka: amefariki, wakati fulani, kwa ugonjwa fulani. Kama anaweza kuwahi mazishi, aende. Kama janga au umbali vinazuia, apigiwe simu wakati wa dua au ibada asikie sauti za watu wake. Akirudi darasani, walimu wote watano au sita wajue, ili asitokee wa kumuuliza mbele ya darasa kwa nini hakufanya zoezi.

Kuna dalili ambazo hazisubiri Jumapili. Kijana anayezungumzia kufa, anayegawa vitu vyake, aliyeacha kuoga na kula kwa siku nyingi, anayejikata: huyo anahitaji hospitali, na mzazi apande basi. Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, haitozwi, na mwalimu au mzazi anaweza kuipiga kwa niaba ya mtoto.

Shule ikifungwa tena

Machi 2020 wengi waliondoka na begi la nguo, wakiamini ni siku 30. Madaftari yalibaki kwenye tranka, tranka ikabaki bwenini. Tangazo likija tena, madaftari ya kombi, muhtasari wa kila somo na vitabu vya kuazima vitoke kabla ya nguo, pamoja na namba za wanakombi wawili na mwalimu mmoja zilizoandikwa kwenye karatasi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, lakini mwenye simu ndogo anategemea karatasi hiyo.

Nyumbani, msichana wa kidato cha tano huonekana mikono ya ziada: maji, wadogo, jiko, kibanda cha mama. Mvulana huitwa shambani au kupewa bodaboda ya mjomba. Kazi za nyumbani hazina ubaya, na mwaka wa janga familia inahitaji kila mkono. Kinachotakiwa ni saa mbili zinazojulikana na kila mtu, ikiwezekana asubuhi kabla jua halijawaka, ambazo hakuna anayemtuma. Wiki 15 za saa mbili kwa siku sita zinafika saa 180. Ni nyingi.

Na shule ikifunguliwa kuna ambao hawataripoti. Mwaka 2020 msichana aliyepata mimba wakati wa kufungwa hakuruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida ya serikali. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua. Mzazi mwenye binti wa namna hiyo aende naye kwa mkuu wa shule, na kama aliyekuwepo pale mwanzo amehama, aende kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Orodha ya wasioripoti iko kwenye daftari la mahudhurio la mwalimu wa darasa, na wiki ya pili baada ya kufungua ndiyo ya kupiga simu kwa kila jina lililomo, kabla kijana hajazoea kuwa nje.